Vizulia vya matambara vinajikunja kama bakuli na oda ni Jumamosi. Naombeni ushauri

Binti Pangani: Habari za humu wapendwa. Nafuma kwa kroshia vizulia vya mlangoni kwa nguo kuukuu ninazozikata utepe. Gesti moja huku Tanga imeniagiza vya vyumba vyote, nikipeleka Jumamosi ndio namaliziwa hela. Shida ni kwamba nikishavuka mizunguko ya mwanzo kingo zinainuka, kizulia kinakuwa bakuli. Nikipiga pasi kinalala, nikifua kinarudi vile vile. Usingizi sipati. Nakosea wapi?

fundi_kroshia: Pole dada. Hesabu yako ya kuongeza vitanzi ndiyo inayokuangusha. Anza na vitanzi 6, mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24, unakwenda hivyo, kila mzunguko unaongeza 6 na kuvigawa sawasawa. Ukiongeza pungufu kinainuka, ukizidisha kinapiga mawimbi. Halafu angalia sindano. Utepe wa nguo unataka sindano nene, milimita 10 kwenda juu. Yangu nilichongewa na seremala kwa mti wa mpera, nikaisugua na msasa mpaka ikateleza.

Mzee wa Kibaraza: Mmenikumbusha Moshi. Bibi yangu alikuwa ananunua sweta za mtumba zilizotoboka viwiko, anazifumua zote, uzi anauzungushia mgongo wa kiti, anaulowesha na kuutundika na jiwe chini ili ule msokoto unyooke. Tulivaa sweta mpya shule nzima na hakuna aliyejua zilitoka wapi. Akina mama wa siku hizi wanakimbilia kununua tu.

Mama Wawili: Mzee, mwenzetu ana oda ya Jumamosi. Mtoa mada, nguo gani hasa? Fulana? Fulana ukiikata na kuivuta inajiviringa yenyewe, haikusumbui.

Binti Pangani: Ahsante fundi, nimefumua kimoja naanza upya na hesabu ya sita. Fulana nilianza nazo, zimeisha. Sasa natumia za pamba za kawaida.

Mama Wawili: Pamba za kawaida ndio zipi? Shuka? Magauni?

Binti Pangani: Khanga.

Mama Wawili: Khanga zako?

Binti Pangani: Zilikuwa za mama mkwe. Alifariki kabla ya Ramadhani. Zimo kwenye sanduku lake chumba cha uani. Jamani mimi nimeuliza kuhusu kingo kuinuka tu.

Ustadhi Mdogo: Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Dada, sanduku limeshagawiwa?

Binti Pangani: Bado. Wifi zangu wako Dar na Muscat, wanasubiriana. Mume wangu aliniambia nisafishe kile chumba kabla hajasafiri. Mende wameshaingia, khanga nyingine zilikuwa na matundu tayari. Na mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha kufuma, alikuwa hataki kitu kioze. Mwenye gesti amezipenda hizo rangi, fulana za belo haziko hivyo. Sioni nilichoharibu.

Ustadhi Mdogo: Kusafisha chumba si ruhusa ya kukata. Hiyo ni mirathi. Warithi hapo ni watoto wake, na wengine wenye fungu kama wapo. Wewe mkwe humo kwenye hesabu, na mumeo peke yake hana haki ya kuruhusu fungu la dada zake. Khanga iwe mpya au imetoboka, ni mali ya marehemu mpaka igawiwe.

Chuma cha Tanga: Mama mkwe huko aliko anasoma maandishi ya khanga yake chini ya miguu ya wageni wa gesti 😂

Mama Wawili: Chuma, si mahali pake hapo, huyu dada kafiwa.

Kasuku wa Ngamiani: Mimi nasema hii ni CHAI, hadithi ya kutunga. Binti anasema anakata khanga utepe. Fulana ni mviringo, unaikata ukizunguka unapata utepe mmoja mrefu. Khanga ni kipande bapa, na ni kitambaa cha kufumwa, inachambuka nyuzi ukishaikata. Kizulia cha khanga kingekuwa manyoya matupu. Mtu aliyeandika hii hajawahi kushika mkasi. Weka picha.

Chuma cha Tanga: Nakazia. Picha au tufunge uzi.

Mzee wa Kibaraza: Nilishaanza kulia hapa kumbe chai.

Binti Pangani: Picha siweki, wifi yangu mmoja anasoma humu. Ila nakujibu Kasuku. Khanga naikata kwa kwenda na kurudi. Naanza upana wa vidole viwili, nakata mpaka karibu na ukingo wa pili, nasimama kabla sijaufikia, nageuka narudi. Utepe hauachani. Kwenye kila kona inabaki pembe inachomoza kama sikio, naikunja ndani kwa kidole wakati sindano inapita. Kuchambuka inachambuka, ndiyo maana napindisha utepe mara mbili, ukingo wa nje unaingia katikati, halafu kitanzi kinaubana. Nyuzi za kwanza nazing'oa kabla ya kufuma. Kuunganisha sipigi fundo. Nachana tundu kwenye ncha mbili na kupitisha moja ndani ya nyingine. Nyekundu naloweka kwanza, mpaka maji yatoke meupe.

fundi_kroshia: Kasuku, hiyo ya pembe kama sikio hawezi kuijua asiyefanya. Nimezikunja sana kwenye shuka za hospitali. Huyu anafuma kweli. Na binti, hapo ndipo bakuli lako linapotoka. Utepe uliopindwa mara mbili hauvutiki kama fulana, hesabu ya 6 inaweza isitoshe. Jaribu kuanza na 8 na kuongeza 8, na ulegeze mkono.

Kasuku wa Ngamiani: Sawa, naondoa la chai. Basi nina swali lingine: kwenye hilo sanduku kuna zenye chapa ya Mali ya Abdulla, au za kiwanda cha Urafiki za zamani? Hizo usiguse kabisa. Kuna watu wanazitafuta zikiwa doti kamili na hawapati.

Binti Pangani: Zipo. Hizo sijazikata. Nyingine mbili nilikata upande mmoja wa doti tu, wa pili mzima.

Mama Wawili: Mdogo wangu sikiliza. Mpigie mumeo leo, kabla ya Jumamosi na kabla wifi hajausoma huu uzi. Zilizokatwa zihesabu, uwaambie thamani yake italipwa kutoka hela ya gesti. Zilizobaki zitoe mende, zianike, zirudishe. Oda imalizie na mashuka ya mitumba, yanakatika vile vile.

Binti Pangani: Mashuka hayana rangi. Lakini mume nitampigia, akitoka kazini jioni.

bi_neti: Samahani kuingilia, wanaofuma madodoki ya kuoshea vyombo kwa neti za vitunguu, mnazuiaje zisikatike? Zamani nilifumia rambo, ile mifuko ya plastiki, mpaka ilipopigwa marufuku Juni 2019.

fundi_kroshia: Fuma neti mbili kwa pamoja kama utepe mmoja, na ile ncha ngumu yenye mshono ikate kabisa uitupe.