Naomba ushauri: vijana hawasemi kwenye tathmini baada ya kazi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Nasimamia mafundi na vibarua kwenye saiti ya ujenzi Dodoma. Jeshi la Marekani lina utaratibu ulioanza miaka ya 1970: zoezi likiisha, askari na kamanda wao wanakaa na kujiuliza tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini, na safari ijayo tufanyeje. Hatafutwi mkosaji. Nimeupenda sana, nikauanzisha kila tukimaliza kumwaga zege.

Tatizo ni ukimya. Fundi mkuu ni mzee wa heshima, ndiye aliyewafundisha kazi wengi wao. Akishasema "kazi imeenda vizuri", nani ataongeza neno? Hata siku maji yalipokatika katikati na zege likaanza kushika, hakuna aliyefungua mdomo. Nimejaribu kuwauliza mmoja mmoja pembeni. Huko wanasema, tena mambo ya maana kweli.

Nimwombeje mzee azungumze wa mwisho bila kuona amevunjiwa heshima? Na mliopita JKT au jeshini, mdogo kwa cheo aliwezaje kusema ukweli mbele ya mkubwa wake?