Serikali inayolipa mapadre ina sauti kwenye uteuzi wa askofu mkuu?

Mtoa mada

Wakuu, naleta hapa jambo la Ubelgiji ambalo watu hawajaafikiana mpaka leo. Tarehe 18 Januari 2010, Papa Benedikto wa 16 alimteua André-Joseph Léonard kuwa Askofu Mkuu wa Mechelen-Brussels. Alikuwa anampokea Kardinali Godfried Danneels, aliyekalia kiti hicho kwa takriban miaka 30. Léonard alikuwa askofu wa Namur tangu 1991, mwanafalsafa aliyewahi kufundisha chuo kikuu, na mtu asiyemung'unya maneno kuhusu utoaji mimba, eutanasia (kumsaidia mgonjwa kufa kwa ombi lake) na ndoa za jinsia moja. Danneels yeye alikuwa mtu wa kauli laini.

Mafuta hata hayajachemka, Laurette Onkelinx, naibu waziri mkuu na waziri wa afya kutoka chama cha Kisoshalisti, akatoa wasiwasi wake hadharani. Kwa kifupi alisema Danneels alikuwa mtu wa uwazi na uvumilivu aliyeweza kukaa meza moja na wengine, ila huyu mpya amekuwa akipinga mara kwa mara maamuzi ya bunge.

Msimamo wangu: waziri alibisha hodi mlango usio wake. Kupinga hoja za askofu ni haki ya kila mwananchi, waziri akiwemo. Kulalamikia kwamba kateuliwa, hapo ndipo tunapoachana. Ibara ya 21 ya Katiba ya Ubelgiji inasema Dola haina haki ya kuingilia uteuzi wala usimikaji wa viongozi wa dini yoyote. Na kifungu hiki si cha juzi. Kimo tangu Katiba ya 1831, iliyoandikwa na waliberali na Wakatoliki kwa pamoja baada ya kuchoshwa na Mfalme William wa Kwanza wa Uholanzi, ambaye mwaka 1825 alifikia hatua ya kutaka masomo ya wanaojiandaa kwa upadre yapite kwenye chuo cha serikali.

Kanisa nalo limejifunga upande wake: kanuni ya 377 ya Sheria za Kanisa inasema Papa huteua maaskofu kwa uhuru, na kwamba serikali haitapewa tena haki ya kuchagua au kupendekeza. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umesoma katiba nusu. Ruka mpaka ibara ya 181 ya katiba hiyohiyo: mishahara na pensheni za viongozi wa dini zinabebwa na Dola. Mkono mtupu haulambwi, na hapa mkono haujawahi kuwa mtupu. Wanaume wawili waliofunga ndoa kisheria tangu 2003 wanakatwa kodi, na sehemu ya kodi hiyo inamlipa mtu anayepanda mimbarini kusema ndoa yao haipo. Waziri akisema "hili linanitia wasiwasi" mnamshukia kana kwamba ametuma polisi.

Halafu kumbukeni alikuwa waziri wa nini. Machi 2009, akiwa njiani kwenda Kameruni, Papa alitoa ile kauli yake kwamba kondomu hazitatui tatizo la UKIMWI bali zinaliongeza. Bunge la Ubelgiji likapitisha azimio la kuilaani Aprili mwaka huohuo. Miezi tisa baadaye Papa huyohuyo anakuletea askofu mkuu wa msimamo huohuo. Ungekuwa wewe ndiye waziri wa afya ungenyamaza?

Mtoa mada

Nisingenyamaza. Ningeizungumzia kondomu.

Kuhusu mishahara: Ubelgiji inawalipa pia maimamu, marabi, wachungaji wa Kiprotestanti, na hata washauri wa jumuiya ya watu wasiofuata dini. Ukishakubali kwamba anayelipa apate neno kuhusu nani ateuliwe, ujiandae kwa siku serikali ya mrengo mwingine itakapotaka kuwachagulia hao washauri. Kihistoria malipo haya yalianza kama fidia. Mapinduzi ya Ufaransa yalitaifisha mali za Kanisa, kisha Napoleon na Papa Pius wa Saba wakaafikiana mwaka 1801 kwamba Dola italipa maaskofu na mapadre. Lakini mkataba huo ulimpa Napoleon pia haki ya kuwataja maaskofu. Wabelgiji mwaka 1831 wakabakiza mshahara, haki ya kutaja wakaifuta. Walijua walichokuwa wanafanya. Anayetaka kuona mfumo wa zamani ukiwa bado hai aangalie Strasbourg na Metz, ambako mpaka leo uteuzi wa askofu unapitia kwa rais wa Ufaransa.

Mchangiaji wa pili

Naomba tusafishe jambo moja kwanza. Wengi wanamwita Léonard "mtu wa jadi" mpaka msomaji adhani ni wa kundi la Lefebvre. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre alikataa mambo ya msingi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano wa maaskofu wa dunia nzima wa 1962 hadi 1965), na mwaka 1988 akawaweka wakfu maaskofu wanne pale Écône bila idhini ya Papa, akatengwa. Léonard hajawahi kuwa huko. Aliukubali Mtaguso, Misa za Kilatini za zamani aliziruhusu kama Papa alivyoruhusu mwaka 2007, basi. Ni mhafidhina wa kawaida aliyefundisha kilichomo kwenye Katekisimu. Kama hilo ni kosa, mlaumu Katekisimu.

Mchangiaji wa tatu

Kaka hapo juu, Katekisimu sawa, ila namna ya kuisema nayo ni sehemu ya kazi ya askofu. Tutaifikia.

Mtoa mada anaongea kama vile hofu ya waziri ilitoka hewani. Turudi 1990. Bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya utoaji mimba, ikapelekwa kwa Mfalme Baudouin aisaini. Mfalme, Mkatoliki wa kweli kweli, akasema dhamiri yake haimruhusu. Serikali ikafanyaje? Tarehe 4 Aprili ikatangaza kwamba mfalme hawezi kutawala, mawaziri wakaisaini sheria wenyewe kwa niaba yake, na kesho yake bunge likamrudisha kwenye kiti. Mfalme mzima alitolewa kazini siku moja ili sheria ipite! Nchi iliyopitia hilo haiwezi kumchukulia kiongozi mkuu wa Wakatoliki kama mwenyekiti wa chama cha wapiga kinanda. Neno lake lina uzito wa kisiasa. Kwa hiyo wanasiasa watalizungumzia, na wana haki.

Na tuwe wakweli, Onkelinx hakuzuia chochote. Hakwenda mahakamani, hakukata mshahara. Alisema tu. Léonard akasimikwa Februari kama ilivyopangwa. Ibara ya 21 imevunjwa wapi?

Mtoa mada

Dada, hapo umenibana, nakubali kwamba kisheria haikuvunjwa. Lakini mfano wako wa Baudouin naugeuza: sheria ilipita. Mfalme alikataa, na bado ilipita. Eutanasia ilipita 2002, ndoa za jinsia moja 2003, Danneels akiwa kitini. Upole wa Danneels haukuzuia na ukali wa Léonard usingeweza kurudisha nyuma. Sasa waziri alikuwa anakilinda kitu gani? Naona alikuwa amezoea askofu asiyemsumbua, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.

Mchangiaji wa nne

Mimi nashangaa hamjagusa kilichofuata, maana ndicho kinachowaumbua wote.

Aprili 2010, miezi mitatu tu baada ya uteuzi, askofu wa Bruges, Roger Vangheluwe, alijiuzulu baada ya kukiri kwamba alimdhulumu kijinsia kijana, ambaye baadaye alijulikana kuwa mpwa wake. Agosti magazeti yakatoa mazungumzo yaliyorekodiwa kwa siri, ambamo Danneels, yule wa uwazi na uvumilivu, anamshauri mhanga asubiri mpaka askofu astaafu mwaka unaofuata. Basi hicho kipimo cha waziri cha "mtu anayekaa vizuri mezani" kilipima nini hasa?

Tarehe 24 Juni polisi walivamia makao ya askofu mkuu pale Mechelen, wakawazuia maaskofu waliokuwa kwenye kikao kwa saa nyingi, wakachukua simu zao. Kwenye kanisa kuu wakatoboa makaburi ya makardinali wawili wakitafuta nyaraka. Upekuzi wenyewe ulikuja kuzua kesi ndefu. Ila mimi nasema hivi: Dola ikimshuku askofu kwa jinai, mlango wake ni huo, hakimu na polisi, na vibali viwe halali.

Léonard naye msimsafishe. Oktoba 2010 ikatoka ile kauli yake kwamba UKIMWI ni aina ya "haki ya maumbile", yaani matokeo yanayomrudia mtu kwa matendo yake. Alifafanua kwamba hasemi ni adhabu ya Mungu, lakini ni mgonjwa gani atakayesimama kutafuta tofauti? Wiki chache tu baadaye msemaji wake mwenyewe, mwanateolojia, akaachia ngazi. Alimfananisha na dereva anayekwenda kinyume kwenye barabara kuu huku akiamini wote wengine ndio wamekosea njia. Hayo hayakutoka kwa wasoshalisti.

Mchangiaji wa pili

Na ya 2013 mbona hamsemi? Alikuwa Chuo Kikuu Huru cha Brussels, kwenye mdahalo wa kufuru na uhuru wa maoni. Wanawake wa Femen, kundi la wanaharakati wa haki za wanawake, wakapanda jukwaani vifua wazi, wakammwagia maji kutoka kwenye chupa zenye umbo la Bikira Maria. Mzee wa miaka 72 alifumba macho, akainamisha kichwa, akabaki kimya mpaka wamalize. Kisha akaichukua chupa moja akaibusu ile sanamu. Huyo ndiye asiyeweza kukaa na wengine?

Mchangiaji wa tatu

Alistahimili vizuri, hilo nampa. Lakini kustahimili maji si sawa na kuongoza jimbo kuu.

Sasa nikuulize wewe na mtoa mada. Léonard alifikisha miaka 75 Mei 2015, akaandika barua ya kustaafu kama sheria inavyotaka, ikapokelewa bila ukardinali. Papa Fransisko akamteua Jozef De Kesel, na mwaka uliofuata akamfanya kardinali. Mwaka huohuo wa 2016 De Kesel akaivunja Fraterniti ya Mitume Watakatifu iliyoanzishwa chini ya Léonard, yenye mapadre vijana na waseminari. Wahafidhina wakapiga kelele, walei wakapeleka malalamiko mpaka Roma. Yaani waumini walipinga uamuzi wa askofu waliyeletewa bila kuulizwa, mkasema wana haki ya kusikika. Onkelinx naye alikuwa raia wa nchi hiyo, analipa kodi humo. Yeye mnamnyima kwa sababu ni waziri, au kwa sababu hakuwa wa upande wenu?