SUV ya familia iliyozeeka inachemsha: nibadili kifaa kimoja kimoja, mfumo mzima, au nimwachie fundi?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamvi, naomba tulinganishe njia tatu. SUV yetu ya viti saba, yenye injini ya petroli na giaboksi ya otomatiki, imepita miaka 17 barabarani, na sasa mshale wa joto umeanza kupanda kuliko kawaida yake. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inapungua taratibu, ijapokuwa chini ya gari sioni tone. Njia ya kwanza ni kubadili kifaa kimoja, kuanzia thamostati (valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakishapata joto), kisha kuangalia matokeo. Ya pili ni kununua rejeta, mfuniko wake, thamostati, mipira yote na pampu ya maji, na kuvifunga kwa mkupuo mmoja. Ya tatu ni kuikabidhi gereji. Oili, plagi na brekipedi huwa nabadili mwenyewe, na ninazo spana, jeki na stendi za kutosha, ila mfumo wa kupoza sijaugusa bado.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kabla ya kuchagua njia, tueleze gari linachemsha wakati gani, kwa sababu jibu hilo linaondoa nusu ya vifaa kwenye orodha yako. Likichemsha kwenye foleni na kupoa mara linapopata mwendo, tatizo liko kwenye upepo: feni ya umeme haiwaki, au klachi ya feni imechoka, au nafasi kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta imeziba kwa matope na wadudu. Likichemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani likiwa limebeba watu, hapo upepo upo wa kutosha, kwa hiyo mashaka yanahamia kwenye mzunguko wa maji, yaani rejeta iliyoziba ndani, thamostati isiyofunguka yote, au pampu ambayo mapanga yake yameliwa na kutu.

Kuhusu kulanti inayopotea bila tone, angalia kwanza mfuniko wa rejeta. Watu huupuuza kwa kuwa ni kitu kidogo, ilhali ndio unaoshikilia presha ya mfumo. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji huchemka kwenye nyuzi 107 hivi za Selsiasi ukiwa wazi, na mfuniko mzima wenye presha ya takriban bar 1 husogeza kiwango hicho hadi kuvuka nyuzi 120. Springi yake ikilegea, gari litachemsha hata kama vifaa vingine vyote ni vipya. Jambo moja halina mjadala: usifungue mfuniko huo injini ikiwa ya moto.

Mchangiaji wa pili

Mimi naunga mkono njia ya pili, na sababu yangu kubwa ni giaboksi. Kwenye SUV nyingi za otomatiki, oili ya giaboksi hupozwa ndani ya tangi mojawapo la rejeta, ikitenganishwa na kulanti kwa ukuta mwembamba wa chuma. Ukuta huo ukitoboka kwa kutu, vimiminika viwili vinachanganyika, oili inakuwa na rangi ya waridi yenye povu, na glikoli, kemikali iliyomo kwenye kulanti, inashambulia gundi inayoshika bitana za klachi ndani ya giaboksi. Rejeta ya umri huo, ambayo matangi yake ni ya plastiki iliyopikwa na joto miaka yote hiyo, mimi singeiamini hata kama leo haivuji. Mipira nayo imezeeka pamoja nayo. Kumwaga kulanti, kuijaza upya na kutoa hewa ni kazi ile ile, ubadili kifaa kimoja au vitano.

Mchangiaji wa tatu

Hoja ya giaboksi ni nzito na siipingi. Ninapotofautiana na mchangiaji aliyetangulia ni pale anapochukulia kwamba kifaa kipya ni bora kuliko cha zamani kwa sababu tu ni kipya. Thamostati ya bei ya chini inaweza kufunguka kwa joto lisilo sahihi tangu siku ya kwanza, na ukibadili vifaa vitano kwa pamoja kisha gari likaendelea kuchemsha, hutajua ni kipi kinachokudanganya. Thamostati ni rahisi kupima: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha moto, na utazame. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90, na namba yake huwa imegongwa kwenye chuma chake.

Pampu ya maji usiihesabu pamoja na hivyo vingine kabla hujajua inazungushwa na nini. Ikiwa ni mkanda wa nje, ni kazi ya mtu mwenye spana na subira. Ikiwa ni mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa pistoni na valvu, mlinganisho unabadilika kabisa, kwa sababu alama zikipishana kwa meno machache, kwenye injini nyingi pistoni na valvu zitagongana. Hapo ningemwachia fundi, na ningefanya hivyo wakati mkanda wenyewe umefikia umri wake, ambao watengenezaji wengi huuweka kati ya kilomita 90,000 na 160,000.

Mwanzisha mada

Nashukuru. Inachemsha kwenye mwendo mkubwa na milimani, kamwe si kwenye foleni. Nimemulika kwa tochi na kukuta ukoko mweupe kwenye maungio ya tangi la juu la rejeta. Pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, ambao ulibadilishwa pamoja na pampu kabla ya gari kufika kwetu, na risiti ninayo. Swali la ziada: nimeshauriwa niitoe thamostati kabisa ili maji yazunguke kwa uhuru. Je, ni sahihi?

Mchangiaji wa nne

Usiitoe. Bila thamostati injini hukaa baridi kwa muda mrefu, kompyuta yake inaendelea kumwaga mafuta mengi kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa, na oili haifikii joto la kuvukiza unyevu. Zaidi ya hapo, kuna injini ambazo thamostati ikishafunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta, kwa hiyo ukiitoa, sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa, na gari linaweza kuchemsha zaidi ya awali.

Huo ukoko mweupe ndio kulanti yako inayopotea: inavuja ikiwa moto, inakauka kabla ya kudondoka, na kuacha chumvi zake. Hata hivyo, kabla ya kununua rejeta, pima kama gesi za moshi zinaingia kwenye kulanti, kwa kile kifaa chenye kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na kaboni dioksidi. Kikigeuka, gasketi ya silinda hedi (kizibio kati ya bloku ya injini na kichwa chake) imeungua, na kazi hiyo haifai kujifunzia kwenye gari ambalo familia inalitegemea.

Mwanzisha mada

Kimebaki bluu. Nimeamua kubadili mwenyewe rejeta, mfuniko, thamostati na mipira miwili mikubwa, na pampu kuiacha ilivyo.

Mchangiaji wa kwanza

Uamuzi mzuri. Ukifungua mabomba ya oili ya giaboksi, yazibe mara moja ili uchafu usiingie, na ukimaliza pima kiwango cha oili hiyo kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Kitundu chenye kipini kwenye thamostati kikae juu, kwani ndicho kinachopitisha hewa. Kulanti usiichague kwa rangi, maana rangi haina kanuni inayowafunga watengenezaji. Fuata aina iliyotajwa kitabuni, na uichanganye na maji yaliyotoneshwa (yaliyosafishwa kwa kuvukizwa), si ya bomba. Unapojaza, inua pua ya gari, washa hita kwenye joto la juu, na uache injini iungurume hadi mapovu yaishe na mpira unaopeleka maji kwenye rejeta uwe wa moto. Kulanti ya zamani ikinge kwenye chombo chenye kifuniko, kwa sababu glikoli ni sumu yenye ladha tamu na huvutia watoto na wanyama. Kiwango kikague tena asubuhi injini ikiwa imepoa. Kwa kawaida kitakuwa kimeshuka kidogo, na unaongeza tu.