Ripoti za haki za elimu na utamaduni zinazokwenda Geneva: sisi wa Makunduchi na Tumbatu tumo?

Mwalimu wa Kusini

Assalaam aleykum ndugu zangu. Ninasomesha skuli ya msingi kusini mwa Unguja, na watoto wengi wa darasa la kwanza hutujia wakiwa wamelelewa kwa Kikae, lahaja yetu ya Makunduchi, ambacho ndicho wanachosemeshwa na bibi zao. Kila wanapofungua mdomo hurekebishwa, mpaka wengine huacha kabisa kunyoosha mkono hata wakiwa na jibu. Tanzania imejifunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni tangu 1976, na iko kamati ya wataalamu 18 huko Geneva inayoufuatilia utekelezaji wake. Sisi hatuhesabiwi kuwa watu wa asili pamoja na jamii kama Wahadzabe, wala hatudai hivyo. Je, tuna nafasi gani katika ufuatiliaji huo, na khabari zetu hupelekwa na nani?

Wakili wa Vuga

Waaleykum salaam, Maalim. Nafasi mnayo. Ibara ya 13 ya Mkataba huo, inayohusu elimu, na ya 15, inayohusu utamaduni, ni za kila mtu, na Ibara ya 30 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inamlinda mtoto wa jamii ya wachache asinyimwe lugha yake. Tanzania iliunga mkono Tamko la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili, lakini imeshikilia kwamba Waafrika wote ni watu wa asili. Msivunjike moyo kwa hilo, kwa sababu Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ambayo ni nyingine na hiyo uliyoitaja, ilieleza mwaka 1994 kwamba kuwepo kwa jamii ya wachache hakutegemei uamuzi wa serikali.

Tatizo letu liko njiani. Mambo ya nje ni ya Muungano, elimu ya skuli si ya Muungano, kwa hivyo khabari ya darasa lako hupita wizara ya huku Zanzibar kisha serikali ya Muungano kabla ya kufika Geneva, na katika safari hiyo hubakia idadi ya madarasa yaliyojengwa, akasahauliwa mtoto aliyenyamaza. Ndiyo maana kamati ile ya wataalamu 18 hupokea pia ripoti mbadala za jumuiya za kiraia. Ripoti hiyo haina haja ya maneno makali. Itaje skuli, darasa, waraka uliotumika na kilichotokea.

Mzaliwa wa Wete

Kwanza tusikitupe Kiswahili sanifu, maana ndicho kitakachompeleka mtoto huyo sekondari. Hata hivyo namuunga mkono Maalim. Nina jamaa zangu wavuvi katika pwani ya Kenya, Wapemba ambao wazee wao walihamia huko zamani, na walikaa miaka mingi bila ya uraia. Binti wa mmoja wao alisimama mbele ya orodha ya watahiniwa iliyobandikwa mlangoni, akaipitia kwa kidole kutoka juu hadi chini, na jina lake halimo, kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kenya iliwatambua Wapemba mwaka 2023, baada ya juhudi ndefu za wenyewe na za wale waliosimama nao, likiwemo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Kwa hivyo msingojee Geneva pekee. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu haiko hapo Arusha?

Wakili wa Vuga

Iko, na mwaka 2017 iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa msitu wa Mau, ikiwemo haki ya utamaduni. Kwa masikitiko, Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na jumuiya kuishitaki moja kwa moja mbele ya Mahakama hiyo, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia, bado inapokea malalamiko, ila lazima kwanza mmalize njia za kisheria za hapa nyumbani.

Mwalimu wa Kusini

Ahsanteni sana. Tutaanza na skuli za jirani, na tutazungumza na wazazi kupitia kwa sheha kabla ya kuandika lolote. Je, majina ya watoto yawemo?

Wakili wa Vuga

Yasiwemo kabisa. Andikeni umri, darasa na tarehe, wazazi watie saini karatasi ya ridhaa, na karatasi hizo mzihifadhi wenyewe, msizipeleke pamoja na ripoti.