Nimepewa vipandikizi vyenye ugonjwa, halafu naambiwa sijui kulima

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira, acha niimwagie hapa kabla sijaenda kugombana na mtu.

Kwanza niwawahi wale wa "mbona unatangaza uhalifu". Nipo Leipzig, Ujerumani. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima huku anaruhusiwa kupanda bangi nyumbani kwake, miche 3 kwa wakati mmoja, ya matumizi yake mwenyewe, na watoto wasiifikie. Wewe uliye Tandika au Kariobangi usiige, huko ni kesi.

Miche 3 tu, mkuu. Shika hiyo namba. Mwenye ekari akipoteza mistari miwili anasonya na kuendelea. Mimi mche mmoja ukiugua, theluthi ya shamba imekwenda.

Mwaka jana nilijiunga na chama kimoja cha wakulima wa bangi, vile vilivyoruhusiwa na sheria hiyohiyo. Ada nikalipa bila kinyongo. Wakaniambia ya nini kuhangaika na mbegu, mbegu ni bahati nasibu, unaweza kulea dume lisilo na mavuno miezi miwili. Chukua vipandikizi, yaani vitawi vya kuotesha: vimekatwa kwa mmea mama ulio jike, vitakuwa majike, na vitatoka vilevile kama mama. Kweli tupu. Walichoacha kusema ni kwamba na maradhi ya mama yanakuja vilevile.

Nikachukua viwili, wa tatu nikauotesha kwa mbegu. Hema la sentimita 80 kwa 80 stoo, taa saa 18 kwa siku, na umeme wa huku mnaujua. Nikaikata ncha ili matawi yachipue pembeni, nikayakunja kidogo kidogo na kuyafunga kwa kamba laini mpaka hema zima likawa bapa kama meza, kila tawi linaona taa sawasawa. Kila Jumapili nimo na mkasi wangu. Mke wangu akaniuliza humo ndani namsuka nani.

Majani yalikuwa mazuri, wakuu. Hapo ndipo panaponiuma. Nilipopunguza taa hadi saa 12 ili itoe maua, ndipo aibu ikaanza. Maua kama punje, makavu, hayanati mkononi, yananuka nyasi. Tawi ukiligusa, kau, limekatika. Na ule wa mbegu, uliokuwa mzima kabisa, nao ukasinyaa.

Nikarusha picha kwenye kundi la chama. Mmoja: umezidisha mbolea. Mwingine: umekatakata mno. Bwana mmoja akaandika eti nyie wa Afrika mmezoea jua la bure, taa zinawashinda. Watu wakaweka vicheko. Nikanyamaza, maana ningejibu ningefukuzwa.

Nikatuma majani maabara kwa pesa yangu. Jibu: viroidi fiche ya hopsi, miche yote 3. Kwa msioijua, hiki ni kijidudu kidogo kuliko hata virusi, kilijulikana kwanza kwenye hopsi, ile ya kutilia uchungu bia, ambayo na bangi ni ukoo mmoja. Mmea unaweza kukaa nacho bila dalili mpaka wakati wa maua. Dawa ya kuponya mmea hapa nyumbani hakuna. Na kinasafiri kwa utomvu, yaani kwa mkasi. Mkasi wangu wa kila Jumapili! Mimi nilikuwa naupangusa kwa spiriti, kumbe spiriti haikiwezi, kinataka bleach. Kwa hiyo huu wa mbegu nimeuua mwenyewe kwa mikono yangu, nakubali. Hiyo miwili mingine sikubali.

Sasa sikilizeni. Mimi nimekulia Muheza. Shangazi yangu hakusoma, lakini huwezi kumpa pingili za muhogo akazipokea hivihivi. Atakuuliza zimetoka shamba la nani, na muhogo wa humo aliuona ukichimbwa? Kwa sababu ugonjwa wa batobato utauona kwenye jani, ila ule wa michirizi kahawia unaweza kukudanganya: juu kumestawi, ukichimba, mhogo umeoza ndani. Shangazi anajua kwamba anayegawa pingili bila kukagua anagawa njaa. Leo chama chenye friji, mizani na mwanasheria kinashindwa kumpima mama mmoja kabla ya kumkatakata na kugawia watu?

Nimewaandikia na cheti cha maabara nimeambatanisha. Wakajibu kwamba hakuna ushahidi kuwa ugonjwa umetoka kwao, huenda umetoka kwenye mbegu yangu. Nikauliza: basi mpimeni yule mama yenu, gharama nitalipa mimi. Wiki ya tatu hii, kimya. Na juzi nimeona tangazo lao, vipandikizi vipya vipo, wanachama mjisogeze.

Hema nimeliosha lote, udongo nimetupa, vyungu nimetupa, mkasi nimetupa.

Walioko Ujerumani humu: nani amewahi kudai ada yake kwenye chama cha namna hii ikarudi? Alianzia wapi, na ilimchukua muda gani? Wa "acha bangi mkuu" nawaheshimu, ila leo piteni kimya.