Nimeambiwa nina usugu wa insulini, sukari nimeacha lakini vipimo havishuki, niache nini tena?

MamaZuu41:
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada maana nimechanganyikiwa. Nina miaka 41, shingo yangu kwa nyuma ikawa nyeusi nikadhani ni cheni, nasugua na dodoki mpaka ngozi inauma na haitoki. Daktari alivyoiona tu akaniambia nikapime sukari asubuhi kabla sijala, ikaja 6.5 (mmol/L). Akasema hiyo bado siyo kisukari ila ni usugu wa insulini, yaani insulini, ile homoni ya kushusha sukari, ipo tele ila mwili hauisikii tena. Toka siku hiyo sukari kwenye chai sitii, soda sinywi, maandazi nimeacha, juzi narudi kupima 6.4 jamani! Asubuhi nakunywa uji wa lishe kikombe kikubwa, mchana ugali, jioni wali au chapati na juisi ya embe naitengeneza mwenyewe wala siweki sukari. Mama yangu alikatwa mguu kwa kisukari, sitaki wanangu waje kuniuguza hivyo.

Mtu wa Moro:
Pole sana dada. Anza na hiyo juisi. Unaposaga maembe matatu ukachuja, nyuzinyuzi zote zinabaki kwenye chujio na wewe unakunywa sukari ya maembe matatu kwa dakika mbili, wakati ungekaa ukatafuna hata moja ungelimaliza kwa shida. Soda ya mililita 350 ina kama gramu 37 za sukari, ni vijiko 9 vya chai, na glasi ya juisi haipishani nayo sana. Kula tunda lenyewe, tena nusu.

Bi Nesi:
Mwanangu, mimi nimefanya kazi kliniki ya sukari miaka mingi na huo uji wa lishe nimepigana nao sana. Watu wanaona ukiitwa lishe basi ni dawa, kumbe sehemu kubwa ni mahindi, mchele na ngano vimesagwa laini vikapikwa vikalainika zaidi, tumbo halina kazi ya kufanya, sukari inapanda mara moja. Huo mwachie mtoto anayekua. Wewe asubuhi chemsha yai, kula na maharage au kipande cha kiazi kitamu. Sembe badili ule dona, ila dona nalo ukilipakua kama mlima ni yale yale, donge lako lisizidi ngumi yako, nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kisamvu, na uanze na mboga na dagaa kabla ya ugali. Makande ni mazuri maana punje ni nzima na maharage yamo. Chapati za unga mweupe, chipsi, mkate mweupe, punguza sana. Asali na sukari guru ni sukari tu, usidanganywe. Ukimaliza kula usikae, tembea robo saa. Halafu omba kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c), kikiwa kati ya asilimia 5.7 na 6.4 bado una nafasi ya kurudi nyuma.

Fundi Kassimu:
Mi naona aache wanga wote kabisa, mimi nilikula nyama, mayai na parachichi tu nikapungua uzito.

Dada wa Nyegezi:
@Fundi Kassimu kaka angu usimshauri mtu hivyo bila kumuuliza anatumia dawa gani. Baba yangu anameza vidonge vya kushusha sukari, akaacha wanga ghafla bila kumwambia daktari, siku ya nne tukamkuta sakafuni jasho linamtoka, anatetemeka, kupima 2.9. Mama Zuu kama upo kwenye dawa ongea na daktari wako kwanza ndo ubadilishe chakula.

Fundi Kassimu:
Hilo sikuliwaza, mimi sikuwa kwenye dawa yoyote. Pole kwa mzee.

MamaZuu41:
Asanteni sana mpaka machozi yamenitoka. Dawa sijaanzishiwa, daktari alisema tujaribu chakula kwanza miezi mitatu. Bi Nesi jioni hii nimepika ugali nikaweka ngumi yangu pembeni ya donge langu la kila siku, zimetoka ngumi tatu na bado linabaki. Nimekata moja, mengine nimewagawia watoto, dagaa na matembele nimejaza sahani. Kesho asubuhi yai. Naomba kuuliza, mihogo ya kuchemsha je, nayo ni ngumi moja?