Breki ya mbele imelegea na shokapu zinazama: nianzie wapi kuboresha mwenyewe nyumbani?

Mwendapole (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kwa jambo ambalo limeninyima usingizi.

Pikipiki yangu ni ya cc 150. Mbele ina diski moja, nyuma ngoma, na shokapu za mbele ni zile za kawaida, bomba ndani ya bomba. Imeshatembea kilomita 41,000. Mimi nina kilo 92, na jioni nyingi narudi nimempakia mke wangu. Wiki mbili zilizopita mtoto alichomoka mbio kuufuata mpira uliokuwa unabingirika barabarani. Nikashika breki zote. Mkono wa breki ya mbele ukaja wote mpaka ukanibana vidole viwili nilivyokuwa nimeviacha kwenye mshikio. Pua ikazama, shokapu zikagonga mwisho, ko!, na papo hapo nikahisi tairi la mbele linaachia. Tulisimama hatua mbili kutoka kwa yule mtoto. Mke wangu hakunilaumu, ila tangu siku ile tukiikaribia ile kona ananikaza kiuno.

Nimeamua kuiboresha sehemu ya mbele yote. Nimepata kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) ya pistoni nne iliyotoka kwenye pikipiki kubwa, pamoja na masta silinda yake, ile pampu ya mafuta ya kwenye mkono wa breki, yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 14. Yangu imeandikwa 12.7. Kwenye shokapu nataka springi ngumu zaidi na oili nzito. Nina spana kamili, stendi ya kati na jeki ndogo. Nimewahi kubadilisha mnyororo, sproketi na pedi, lakini shokapu sijawahi kufungua. Nianze na kipi?

Gia ya Tatu

Mkuu funga hiyo kalipa kubwa na masta yake, utaniambia. Kwenye shokapu kata vipande vya bomba la plastiki sentimita 3, weka juu ya springi, zitakuwa ngumu. Mimi nilifanya hivyo na kuzama kuliisha.

Spana Nane

Mwendapole, pole sana, na hongera kwa kutoiangusha. Nakuomba usifunge hiyo masta kabla hujasoma hapa.

Breki ya diski ni pistoni ndogo inayosukuma pistoni kubwa kwa kupitia mafuta. Nguvu ya vidole vyako inazidishwa kwa kadiri eneo la pistoni za kalipa linavyolizidi eneo la pistoni ya masta. Tuseme kalipa yako ya sasa ina pistoni mbili za milimita 27. Gawa 27 kwa 12.7, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha mara mbili kwa sababu pistoni ni mbili: unapata kama 9. Sasa weka masta ya 14 kwa kalipa ileile: unapata 7.4 tu. Mwendo wa mkono wa breki utakuwa mfupi na mkono wenyewe mgumu, na utaamini umepata breki kali, kumbe kwa nguvu ileile ya vidole umepoteza karibu asilimia 18 ya msukumo. Wengi wamedanganywa na ugumu huo. Ugumu wa mkono na ukali wa breki ni vitu viwili tofauti.

Na hiyo kalipa ya pistoni nne utaifunga kwenye nini? Matundu ya shokapu zako hayalingani nayo. Utalazimika kuchongesha kibao cha kuiunganisha, na kibao hicho ndicho kitakachobeba mzigo wote wa kusimama, na mke wako juu. Kikipasuka, kalipa inaingia kwenye spoki au rimu. Mimi kazi hiyo siifanyi bila mtu anayejua vyuma na vipimo, wala siwezi kumshauri mtu aifanye uani kwake.

Turudi kwenye ugonjwa wenyewe. Mkono unaokuja wote haukuambii kuwa kalipa ni ndogo. Unakuambia kuna kitu kinanyonya mwendo wa pistoni. Fanya majaribio mawili leo hii, pikipiki ikiwa imesimama. La kwanza, pampu mkono harakaharaka mara tatu, nne. Ukipanda na kuwa mgumu, shuku hewa kwanza. La pili, ubane kwa nguvu ya wastani na uushikilie dakika nzima. Ukishuka polepole bila mafuta kuvuja popote nje, raba za ndani ya masta zimechoka.

Kisha angalia mafuta ya breki. Yanapaswa kuwa kama maji yenye umanjano kidogo. Yakiwa kahawia, yamekaa sana. Mafuta haya yananyonya unyevu kutoka hewani hata kifuniko kikiwa kimefungwa. DOT 4, daraja la mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. Ukiteremka mlima mrefu umeshika breki, mafuta ya zamani yanatoa mapovu ndani ya kalipa, na mapovu yanabonyea. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hata kama pikipiki haitembei.

Mwisho, vua kalipa uchezeshe zile pini mbili inazotelezea. Zikiganda, upande mmoja wa pedi unafanya kazi na mwingine unasindikiza. Kama mpira wa breki, yaani bomba la kupitisha mafuta kutoka masta hadi kalipa, ni ule wa kiwandani, kwa umri huo unavimba kila ukibana. Badilisha uweke ule uliosukwa waya wa chuma. Kwa maoni yangu hilo ndilo boresho lenye thamani kuliko yote kwa pikipiki ya aina yako, likifuatiwa na pedi nzuri.

Mkongwe wa Gereji

Wanangu, nimesoma. Mwendapole, mimi nitazungumzia shokapu, maana hapo ndipo naona tairi lako lilipoachia.

Shokapu ikishafika mwisho, haina tena cha kunyonya. Kila kibonde kidogo kinapiga moja kwa moja kwenye tairi, na tairi linaruka badala ya kung'ata lami. Kwa hiyo hata ungekuwa na breki ya pikipiki ya mashindano siku ile, ungeteleza vilevile.

Usinunue chochote kabla ya kupima. Funga kamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye bomba la kung'aa la shokapu, iteleze kwa kukaza kidogo. Inua gurudumu la mbele lisiguse chini, pima urefu wa bomba linaloonekana. Shusha, panda na mavazi yako yote, mtu aishike pikipiki wima kwa nyuma, mwingine apime tena. Tofauti ndiyo kuzama kwako, yaani shokapu inavyojikunja kwa uzito wako tu. Inatakiwa iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Kama mwendo ni milimita 120, basi 30 hadi 40.

Kijana wa Gia ya Tatu, vipande vya bomba haviifanyi springi kuwa ngumu. Vinainua pikipiki tu, ianze kuzama kutoka juu zaidi. Kwa mtu mwepesi aliyekosa sentimita moja vinatosha. Kwa kilo 92 na abiria, springi yenyewe ni laini, abadilishe. Tena sentimita 3 ni nyingi. Springi ikibanwa hivyo, koili zinaweza kugusana kabla shokapu haijafika mwisho, na hapo unagonga chuma kwa chuma.

Oili nzito nayo isikudanganye. Inachelewesha kuzama, haizuii. Ukishika breki kwa muda mrefu pua itafika palepale, na ukipita kwenye matuta mfululizo shokapu haitawahi kurudi, itajikunja hatua kwa hatua mpaka iwe kama fimbo. Anza na uzito uleule alioandika mtengenezaji. Cha kuchezea ni kimo cha oili. Ile hewa inayobaki juu yake nayo ni springi, inakaza mwishoni mwa mwendo. Pandisha oili milimita 10, jaribu, pandisha tena ikibidi. Ukizidisha, shokapu haitajikunja yote na sili, zile raba za kuzuia oili isivuje, zitatoka.

Sasa kufungua. Legeza bolti ya kubana ya juu, halafu legeza kifuniko cha shokapu kabla hujaichomoa. Watu wengi hushika shokapu mkononi ndipo wanakumbuka kifuniko, na hapo hakuna pa kukamatia. Kifuniko kinasukumwa na springi, usiweke uso juu yake. Kalipa itundike kwa waya, isining'inie kwa mpira wake. Ukigeuza shokapu, ipampu mpaka isikike kavu. Unaporudisha sili mpya, funika ncha ya bomba kwa mfuko laini wa plastiki uliopakwa oili, ili ukingo wa bomba usiukate mdomo wa sili. Kimo cha oili kinapimwa springi ikiwa nje na bomba limebonyezwa mpaka chini.

Dada wa Magurudumu Mawili

Naomba niongeze mawili, yote yamenipata.

Fundi mmoja alinifungia mpira mpya wa breki akarudisha wosha zilezile za shaba za zamani. Siku ya tatu nikaona rangi ya tangi inavimba na kubanduka karibu na usukani. Yalikuwa mafuta ya breki, yanavuja tone kwa tone, na yanakula rangi. Wosha za shaba zinabonyea kufuata umbo mara moja tu. Kila ukifungua, weka mpya pande zote mbili za kiungo.

La pili, oili ya shokapu ikidondokea pedi, zitupe. Usizichome moto wala kuzipiga msasa ukitumaini zitapona, imeshaingia ndani. Diski ndiyo inasafishika, kwa spiriti na kitambaa safi. Kwa hiyo Mwendapole, maliza shokapu kabisa ndipo ugeukie breki.

Na usichanganye DOT 5 na DOT 4. Majina yanafanana lakini DOT 5 ni ya silikoni. DOT 5.1 ndiyo inayoelewana na 4.

Mwendapole

Asanteni sana, na mzee wangu Mkongwe, shikamoo. Kalipa kubwa nimeirudisha. Nimefungua Jumamosi nzima, haya ndiyo niliyoyakuta.

Kuzama kwangu peke yangu kulikuwa milimita 52, na mwendo wote wa shokapu ni 115. Shokapu ya kulia ilitoa mililita 150 za oili nyeusi inayonuka kama samaki aliyeoza. Ya kushoto ilitoa 95. Nilikaa nikaitazama ile chupa. Nimekuwa nampakia mama watoto wangu juu ya shokapu moja na nusu. Sili ya kushoto ilikuwa imepasuka kwa ndani na vumbi lilikuwa linanifichia mafuta.

Kwenye kalipa, pini moja ilikuwa imeganda kabisa, niliitoa kwa kuizungusha na spana. Pedi ya ndani imebaki kama ganda la yai, ya nje bado nene. Diski nimeipima, iko juu ya kipimo cha mwisho kilichogongwa juu yake.

Nimeweka springi mpya za hatua moja juu, sili mpya, oili ya uzito uleule, mpira wa waya, wosha mpya, pedi mpya na DOT 4. Pini nimezipaka grisi ya silikoni. Lakini nimetoa hewa saa nzima, chupa mbili za mafuta zimeisha, na mkono bado laini! Mapovu hayaonekani tena chini. Nimekosea wapi?

Spana Nane

Hujakosea. Mpira ukiwa mtupu, hewa hupenda kupanda, nawe unaivuta ishuke. Imejificha juu, pale mpira unapoungana na masta, kwa sababu ndipo mahali pa juu kuliko pote. Geuza usukani mpaka masta iwe juu zaidi ya kiungo hicho. Zungushia kitambaa, bana mkono wa breki, legeza bolti ya kiungo robo mzunguko, utasikia *fsss*, kaza kabla hujaachia mkono. Rudia mara mbili, tatu. Kisha chukua bomba la sindano lenye mafuta mapya, liunge kwenye nipo ya kalipa, ile chuchu ya kutolea hewa, kwa mpira mwembamba, sukuma mafuta kutoka chini kwenda juu. Punguza mafuta kwenye kopo la masta kwanza lisifurike. Mwisho funga mkono wa breki ukiwa umebanwa, kwa kipande cha mpira wa tairi, uache usiku kucha. Vipovu vidogo vitapanda vyenyewe, na asubuhi ukiachia vitatokea kwenye kopo.

Maliza kwa kukaza bolti zote kwa vipimo vya kitabu chako, uoshe kila kitu kwa maji. Kabla ya barabarani, bana kwa nguvu zako zote dakika moja, tazama viungo vyote viwili kwa tochi. Pedi mpya zizoeshe: toka kilomita 50 kwa saa shuka hadi 10 bila kusimama kabisa, mara 15 hadi 20, ukiacha nafasi diski ipoe.

Mwendapole

Wakuu, ilikuwa palepale kwenye kiungo cha juu. Ilitoka *fsss* ndefu, mwanangu aliyeshika tochi akaruka.

Mkono sasa unasimama vidole viwili kabla ya mshikio na hausogei tena. Kuzama kwangu ni milimita 36. Leo alfajiri nimekwenda kwenye uwanja mtupu, nimezoesha pedi, kisha nikashika breki kwa nguvu mara tano kutoka kilomita 50. Ile kamba ya plastiki imeacha milimita 14 ambazo shokapu haikuzitumia, na tairi halikulia hata mara moja. Kesho nitarudia mke wangu akiwa nyuma, kwa mwendo mdogo kwanza. Nimemwonyesha chupa ya oili nyeusi na pedi mbili, akazishika moja moja.

Mkongwe wa Gereji

Marahaba, mwanangu, umefanya kazi. Ukiwa naye ile kamba ikifika mwisho, pandisha oili milimita 10. Baada ya kilomita 500 futa mabomba ya shokapu kwa kitambaa cheupe. Ukiona duara la mafuta, sili moja haijakaa. Na siku ukipata nafasi, fungua ile ngoma ya nyuma. Kwa kilomita 41,000 viatu vyake vya breki sitaki hata kuvifikiria.